Mzee, Nakuru Imeuzwa

Mzee,

Nakuru imeuzwa.

Naanza na hilo kwa sababu najua ungeanza nalo wewe. Ungekuwa bado unaingia ofisini asubuhi na kofia yako imelowa, ungeuliza lile gari-nyumba lenu kabla ya kuuliza afya ya mtu: "Zuhura, Nakuru iko aje?" Basi iko hivi. Ameinunua bwana mmoja anayependa kuvua samaki mitoni, anakaa mbele ya Croydon, na kabla ya kuichukua aliniuliza kwenye simu kama zile droo mbili za jikoni zinafaa kuwekea ndoano. Nikamwambia zinafaa. Ya kulia vyombo vya nyama, ya kushoto vyombo vya maziwa, kwa sheria yenu Wayahudi, miaka yote ile hakuna kijiko kilichovuka upande. Sasa zote mbili ni za ndoano.

Nakuandikia pia kwa sababu sikukuaga. Siku ya mazishi yako nilifika hadi makaburini. Kwenu kama kwetu, maiti hangojeshwi: ulikufa Jumanne, Jumatano ulikuwa chini. Lakini kwetu Zanzibar wanawake hawafuati jeneza, na mimi nikadhani hata kwenu ni hivyo. Watu walipoanza kutembea nilibaki kwenye uwanja wa magari nimeshika mwavuli, nikijiona mtu mwenye adabu. Kisha nikamwona mkeo, Bi Hana, anarudi na matope hadi juu ya viatu, na nyuma yake wanawake wengine wana matope vilevile. Walikuwa kaburini. Walishika sepetu, wakakutilia udongo. Hakuna aliyenikataza kwenda, Mzee. Nilijikataza mwenyewe, kwa sheria ya nyumba nyingine.

Kwa hiyo nakuaga kwa kalamu. Lakini nakuonya mapema kwamba sikuagi kwa upole. Nina hasira na wewe.

Nchi hii imeniruhusu kukaa kwa sababu ofisi yako imeniajiri, na ofisi isiponiombea tena, ruhusa inakufa. Ulilijua hilo kuliko mimi. Mwezi wa tisa nilikukumbusha, nimesimama mlangoni kama mwanafunzi, na ukasema, "Baada ya sikukuu, Zuhura. Nikimaliza kufunga na kusali na kula kwenye kibanda, tutaandikia hawa watu wa uhamiaji kule Croydon." Sikukuu zenu za wakati ule zinafuatana kama mabehewa. Nikasubiri. Zikaisha, na wewe ukaisha nazo.

Watu huniuliza ilikuwaje mtoto wa Kiislamu wa Zanzibar akawa karani wa Myahudi katika ofisi ya kupangisha nyumba Kilburn. Siku ya usaili ulisoma mahali nilipozaliwa, ukaweka karatasi chini, ukavua miwani. "Mimi nilizaliwa Nakuru," ukasema. "Baba yangu alikuwa na kinu ya unga. Kiswahili yangu ni ya jikoni. Usicheke." Nilicheka. Nilikuwa naogopa sana siku ile, na kicheko kilitoka mahali pa jibu. Nadhani uliniajiri ili upate wa kukucheka. Mkeo ni mzaliwa wa London, hajui ila neno moja moja, na mwanao Danny anakisikia kidogo lakini hajibu ila kwa Kiingereza. Ulikuwa umebaki na lugha nzima mdomoni na huna wa kusema naye.

Nilikusahihisha kwa miaka mitatu na hukusahihika. "Mungu iko, Zuhura," ulikuwa ukisema kila mpangaji alipolipa kwa wakati. Nikisema, "Mungu yupo, Mzee," unajibu, "Iko, yupo, muhimu hajahama."

Na ule ukuta wa ofisi, uliokuwa na kabati la mafaili. Wewe ulikuwa ukigeukia huko alasiri ukisali kuelekea Yerusalemu, na mimi nilipouliza kibla nikakuta ni ukuta uleule, kwa kupinda kidogo. "Ukuta hii iko na kazi mbili na mshahara hakuna," ukasema. Danny amelihamisha kabati. Ukuta umebaki wazi, na bado naona haya kuupa mgongo.

Lakini nilitaka kusema habari za gari.

Marafiki zenu wa sinagogi waliwashangaa mlipolinunua. Mtu anayeshika Sabato, walisema, anahitaji majirani, sinagogi ya kwendea kwa miguu, bucha lake, nyumba isiyotembea. Wewe ukawajibu kwamba wana wa Israeli walikaa jangwani miaka arobaini ndani ya mahema na hakuna aliyewauliza bucha liko wapi. Bi Hana alinihadithia hiyo akiwa ameshika mdomo kwa kucheka. Mkalipa gari jina la mji ulikozaliwa, kwa sababu, ulisema, Nakuru ya kweli hukuweza kuihamishia London.

Nilijifunza safari zenu kabla sijakaa ndani ya gari lenyewe, maana kila Jumatatu ulirudi na habari. Kwamba popote mlipo, Ijumaa mchana mnasimama. Kwamba maji yanajazwa kabla, supu inatiwa kwenye chupa ya chai ikiwa inachemka, mishumaa inawekwa ndani ya sinki la chuma ili gari lisiungue, na jua likishazama ufunguo unatundikwa kwenye msumari karibu na mlango na haushikwi tena hadi nyota za Jumamosi. Kwamba mkulima mmoja wa Wales aliwaona mmekaa tu siku nzima, akadhani gari limekufa, akaja na waya za betri. Mkamshukuru, mkampa keki. Akaja tena na trekta. Mkampa keki. Mara ya tatu akaja na mkewe, kula keki.

Na ile taa ya friji. Mlango wa friji ukifunguka taa inawaka, na kuwasha taa siku ya Sabato hamruhusiwi. Ukakata kipande cha utepe mweupe, ukakibandika juu ya kile kitufe kidogo kinachobonyezwa na mlango, ili friji lidhani limefungwa siku zote. Mwanzo ulikuwa unakibandua kila Jumapili. Baadaye ukachoka, ukakilaza vizuri kwa ukucha wa kidole gumba mpaka hakionekani, ukakiacha wiki nzima. "Tutatafuta siagi kwa mkono," ukasema. "Siagi haina mbio."

Nilipokwambia sijui kuendesha ulinifundisha kwenye Nakuru, si kwenye gari dogo, maana lile la Bi Hana mlikuwa mmeshaliuza. Ukasema mtu akiweza kugeuza nyumba, kibanda hakimshindi. Nilikuwa nalia kwenye kila mzunguko wa barabara. Wewe umekaa kando yangu na kofia yako, hujashika hata mlango. "Ogopa, Zuhura, hakuna shida. Lakini ogopa ukiwa kwenye leni yako." Kabla ya kuondoka ulikuwa unamwita Bi Hana aliye nyuma, kama nahodha: Maji? Naye anajibu kwa Kiswahili chake kichache, "Tayari." Gesi? "Tayari." Vijiko? "Tayari." Mungu? "Tayari zamani."

Halafu moyo wako ukasimama Jumanne asubuhi, unajaza maji kwenye tangi la gari, na mpira wa maji ukaendelea kumwaga uani mpaka jirani alipokuja kuuliza.

Siku saba za kukaa matanga nilikuja na machungwa na ndizi ambazo hazijaguswa na kisu, nikijua sufuria yangu haiingii jikoni kwenu. Danny alinifungulia mlango. Hakuvaa kofia. Alitazama ule mfuko akasema, kwa Kiingereza chake cha haraka, "Alikufundisha vizuri." Sikujua kama ni sifa.

Sitaki kumsema vibaya mwanao kwako, maana ni mwanao na wewe huwezi kujibu. Alichukua kiti chako, hilo lilikuwa la kutegemewa. Ile karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya birika, niliyokuwa nikiandika kila wiki saa ya Sabato kuingia ili tujue saa ya kufunga ofisi, aliibandua siku ya kwanza, akaandika nyuma yake nywila ya intaneti. Hakufanya kwa chuki. Alihitaji karatasi tu. Lakini nilikuwa nimekaa pale pale, na niliona.

Kisha akaamua Bi Hana ahamie kwenye yale majengo ya wazee karibu na sinagogi, na gari liuzwe kwa kuwa hakuna wa kuliendesha. Kwamba mimi naliendesha hakuna aliyelitaja, wala mimi sikulitaja. Nilikuwa nahesabu maneno yangu mbele yake. Nilikuwa nasubiri aseme lolote kuhusu viza, na mtu anayesubiri haongei sana. Siku moja tu nilijikaza nikamuuliza. Akasema, "Tutalitazama baada ya gari kuondoka." Kila mtu kwenu ana baada yake.

Akamuuliza mama yake ni siku gani ingefaa gari lipelekwe kwa yule mvuvi. Bi Hana akasema, "Ijumaa itanifaa." Akaomba aende nalo, mimi nikiendesha, aliage njiani. Danny akakubali bila kufikiri, na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo angeweza kulikosea yeye tu. Kwa Danny, Nakuru ni kiangazi. Alipanda gari lile akiwa mtoto, miezi ya likizo, wakati Ijumaa inanyooka mpaka watoto wanalala kabla mishumaa haijawashwa. Hakukumbuka kwamba mwezi wa kumi na mbili jua la London linazama kabla ya saa kumi alasiri. Mimi nilikumbuka. Nikapanga tuondoke saa nne asubuhi, tufike saa sita, tukabidhi, nimrudishe Bi Hana kwa teksi na bado kuna mwanga. Kwa kusema ilikuwa safari nyepesi.

Saa nne nilikuwa uani. Bi Hana akasema hawezi kumkabidhi mtu gari chafu. Akaosha vyombo vya maziwa. Akavikausha kimoja kimoja. Akaosha vya nyama. Akavifunga kwenye magazeti, maboksi mbalimbali. Akanipa chai. Akakumbuka mapazia. Nikasema, "Mama, jua," akasema, "Ndiyo, mwanangu, naliona." Tulitoka saa saba imeshapita, na kikapu chake amekipakata.

Barabara ilikuwa mbaya tangu tulipovuka mto. Tulipofika Croydon hatukuwa tunakwenda, tulikuwa tunasogezwa. Tramu zilikuwa zinatupita. Nilitazama jua kati ya majengo, nikatazama foleni, nikajua kwamba nyumba ya yule bwana imebaki kama nusu saa, na nusu saa hiyo haipo.

Bi Hana hakusema simama. Nataka ulijue hilo. Alikuwa na haki ya kuniambia waziwazi, Sabato ilikuwa haijaingia. Alisema tu, "Jua limeshuka sana upande wako." Wewe ndiye uliyenifundisha maneno ya namna hiyo. Siku ya Sabato hamumwambii mtu wa dini nyingine awafanyie kazi. Mnaweza kusema tu hali ya dunia ilivyo, chumba kina baridi, humu kuna giza, na mwenye masikio anaamua mwenyewe. Bi Hana alianza mapema siku ile. Alijua viza yangu iko kwa nani. Hakutaka iwe yeye aliyenituma.

Nilikata kushoto, nikaingia nyuma ya duka la mazulia lililofungwa biashara, uwanja mtupu wenye takataka za maboksi. Nikazima injini. Na nilipoinua uso, Mzee, mbele ya kioo, juu ya mapaa, nikaliona lile jengo la uhamiaji, taa zake zote zinawaka. Katika London yote nilikuwa nimeegesha pale.

Bi Hana akafungua kikapu. Akatoa mishumaa miwili, akaiweka kwenye sinki. Akatoa chupa ya supu. Akatoa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa mikate miwili, ile ya kusukwa. Nilibaki kuitazama. Mtu anayekwenda kukabidhi gari na kurudi nyumbani hachukui mikate miwili ya Sabato. Alikuwa ameichukua Alhamisi dukani, akijua. Alijua alipomwambia mwanawe Ijumaa itamfaa, alijua alipokuwa akikausha vijiko. Akaona nimeona. Akaangalia chini kama mtoto, kisha akasema, "Mara moja tu, ya mwisho, Zuhura. Mzee hakuwahi kuniacha nikae Sabato ndani humu peke yangu." Akawasha, akafunika macho.

Nilichomoa ufunguo nikautundika kwenye msumari wako. Simu ikaanza kulia.

Danny alikuwa amepigiwa na yule bwana anayesubiri. Akauliza tuko wapi. Nikamwambia. Akasema nusu saa tu, endesha, fika, nitamtumia mama teksi. Nikasema ameshawasha mishumaa. "Mishumaa huzimika," akasema. "Washa gari, Zuhura. Mimi ndiye ninayekwambia." Kisha akaongeza, polepole sana, "Fikiria vizuri nani anayekwambia."

Nilifikiria. Nilikuwa nalitazama lile jengo. Na sauti niliyoisikia haikuwa ya malaika, ilikuwa yako, na Kiswahili chako kibovu: "Fanya ya haki, Zuhura, ingine itajipanga." Uliniambia hivyo mara ngapi? Juu ya mpangaji wa juu ghorofani, juu ya bomba la jirani, juu ya kila kitu. Nikamwambia Danny, "Samahani sana, siwezi," na sauti yangu ilitoka kama ya paka. Nikazima simu.

Yaliyobaki ya jioni ile ni yako na yake, sitayaeleza yote. Tulikunywa supu. Nilisali magharibi kati ya viti, naye akasogeza kikapu kunipa nafasi. Alikueleza wewe, si mimi, habari za mwaka ule mlioenda kaskazini kabisa ya Uskochi mwezi wa sita, ambako Sabato haikutaka kuisha kwa sababu anga halikutaka kuwa jeusi, na wewe ukatoka na koti usiku wa manane kutafuta nyota tatu za kuifunga Sabato, ukarudi ukasema mbinguni wameajiri watu wavivu. Kulikuwa na baridi kali. Nililala kiti cha mbele chini ya koti lako, ambalo bado linanuka mafuta ya injini na ile peremende yako.

Jumamosi mchana mlango uligongwa. Alikuwa Danny, amekuja kwa treni na tramu. Sikujua kama atapiga kelele au atalia. Hakufanya lolote. Mama yake alisogea, naye akakaa pale ulipokuwa ukikaa wewe, magoti yake yamegusa droo ya maziwa, mtu mzima mwenye koti la bei. Akala kipande cha mkate. Baadaye akaongea, bila kumtazama yeyote. Alisema watoto wengine walikuwa wanaogelea. Alisema alikuwa anawaona dirishani kila Jumamosi, mvua au jua, wanapita na aiskrimu ambayo yeye haruhusiwi na boti ambalo yeye haruhusiwi. "Utoto wangu wote," akasema, "nilikuwa nasubiri nyota." Bi Hana akamshika mkono. Hakujitetea, wala hakukutetea.

Ilipofika jioni anga la Croydon lilikuwa limefunikwa mawingu, na taa za mji zinang'aa chini yake. Nyota isingeonekana hata kwa darubini. Danny alitoka nje. Kupitia kioo nilimwona anageuza mgongo, anatazama simu yake, anaisubiri saa ifike. Kisha akaingia. "Zimetoka, Mama," akasema. "Tatu?" akauliza Bi Hana. "Tatu."

Akaifanya mwenyewe ile ibada ya kuiaga Sabato, kwa kikombe na mshumaa wa kusuka, bila kitabu, na hakukosea neno. Nilitegemea angekosea. Alipofika kwenye manukato mama yake akampa kile kikopo chako cha fedha, akakifungua, akanusa, na uso ukambadilika. Zilikuwa karafuu. Zilezile alizoniletea mama yangu kutoka nyumbani, nikakupa wewe, ukasema sasa Zanzibar itasafiri kila Jumamosi.

Kisha akautoa ufunguo kwenye msumari, akaendesha gari mwenyewe hadi kwa yule mvuvi, mama yake kando yake. Mimi nilirudi Kilburn kwa treni, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Nilidhani yamejipanga, Mzee. Nilikaa kwenye treni ile nikakuamini.

Jumatatu aliniita. Alifunga mlango, ambao wewe hukuwahi kuufunga. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema ofisi haitaniombea tena viza. Alisema nitafanya kazi hadi muda wake uishe, ataniandikia sifa nzuri. Nikauliza kama ni kwa sababu ya Ijumaa. Akafikiri, maana ni mtu mkweli, hilo alilichukua kwako. "Nilikwambia endesha," akasema, "na ukamsikiliza baba. Siwezi kukaa kwenye kiti hiki na karani anayemtii marehemu."

Ni kweli.

Bi Hana alijaribu kunitetea. Alimwambia Danny, wakiwa mezani, kwamba ofisi ile ni kubwa sana kwa mtu mmoja. Danny akamjibu kwamba atatafuta ndogo. Mama yake amezoea kusema hali ya dunia ilivyo na kungoja mwenye masikio, na mwenye masikio yule alikuwa wewe. Namtembelea kila Alhamisi. Chumba chake kina joto, jiko lao ni la halali yenu kabisa, kila kitu kinatembea kwa sheria bila yeye kunyanyua mkono. "Hakuna cha kutayarisha," aliniambia wiki iliyopita, na akatazama dirisha ambalo halifunguki.

Mama yangu hajui. Nikipiga simu ananiuliza, "Yule Mzee wako hajambo?" kwa sababu hata kifo chako sijamwambia, nikimwambia hicho atauliza kinachofuata. Nimeomba kazi kila mahali. Wananipenda mpaka nifike kwenye neno viza. Siku hizi za kiza cha mchana, saa tisa alasiri na taa zinawashwa, napita Kilburn nikiangalia madirisha ya maduka kama mgeni aliyefika jana. Naogopa, Mzee. Niko kwenye leni yangu, kama ulivyosema, na naogopa.

Uliniambia mengine yatajipanga. Hayakujipanga. Ulikuwa mzee, ulijua kwamba hayajipangi, kwamba kuna mtu anayeyapanga kwa mkono wake kabla ya jua kushuka: anajaza maji, anafunga gesi, anaandikia Croydon. Kwa safari ya siku mbili ulitayarisha hadi vijiko. Kwangu ulisema baada ya sikukuu. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nimetafuta kila mahali ndani yangu pale nilipojutia ile Ijumaa, nipate angalau kukulaumu kwa haki, na sipaoni.

Sasa nimalizie. Jana yule mvuvi alipiga simu ofisini. Kwa kuwa bado nipo, niliipokea mimi. Alisema gari ni zuri, linakwenda vizuri, hana malalamiko, ila taa ya friji haiwaki. Amebadilisha balbu mara mbili. Ameita fundi, fundi akafungua nyaya zote, akazifunga, akaondoka anakuna kichwa. Je, aliyekuwa na gari aliwahi kuwa na tatizo hilo?

Nikamwambia nitauliza.

Kwaheri, Mzee. Sikukutilia udongo, na sijui kama nitakuwa nchi hii watakapoweka jiwe la kaburi lako. Ninachoweza kukuahidi ni kimoja tu, kidogo, na nitakitimiza nikiwa Kilburn au nikiwa kwetu: yule bwana hataambiwa na mimi. Abadilishe balbu. Aite mafundi. Kila atakapofungua friji lake kutafuta siagi, iwe Jumatatu, iwe Alhamisi, mle ndani itakuwa Sabato.

Karani wako,
Zuhura